Hatua Elfu Kumi na Moja za Siku ya Mtihani

...maana mimi nilikuwepo, sikuhadithiwa, nimeyaona yote kwa macho yangu haya mawili, tangu kikapu cha simu kilipowekwa mlangoni mpaka mtihani ulipokwisha, ndivyo nilivyosema jana na ndivyo walivyopiga chapa hapa, neno kwa neno, "nilikuwepo mwenyewe, sikubanduka kitini, hata nzi hakutua kwenye kikapu kile", na nzi naye wamemwandika, nzi wangu, yumo kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, na chini yake kuna mstari wa nukta nukta unaosubiri sahihi ya shahidi, na shahidi ndiye mimi, tarishi, kalamu ninayo mkononi, kalamu ya Mama Mlezi yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, nzito kama ufunguo wa stoo, na kiti nimekalia, hili nalo lingeandikwa, miaka ishirini na miwili naleta mafaili katika ofisi hii nikiwa wima kama mlingoti, leo naambiwa "karibu ukae, mzee wetu", mzee wetu!, juzi tu nilikuwa "we, hebu njoo", na kiti chenyewe nakijua, nilikipandisha mimi ghorofa nne kichwani siku lifti ilipokufa, sikupumzika hata mara moja, haya, nilipumzika ghorofa ya pili, lakini kwa kupenda, si kwa kuchoka...

"Ndiyo, mwenyekiti," anasema Mama Mlezi kwenye simu na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, amesimama dirishani amenipa mgongo, yeye ndiye mlezi wa wanafunzi wote wa chuo hiki cha wauguzi, na mgongo wake una mamlaka kuliko nyuso za watu wengi, "tisa... ndiyo, wote wa mwaka wa pili... hapana, hakuna haja ya kusubiri, tunaye shahidi, anatia sahihi sasa hivi," sasa hivi, anasema, na kalamu imesimama juu ya karatasi kama kunguru juu ya bati, haitui wala hairuki... pembeni yangu mtaalamu wa programu ya kuhesabu hatua ameegemea kabati, suruali imembana mpaka unaona umbo la funguo mfukoni, tableti mkononi, anamwonyesha sekretari ile michoro yake, mistari tisa inapanda na kushuka pamoja, "ona, saa tatu na nusu wote wanaanza kutembea, saa nne na dakika kumi wote wanapanda ngazi, wote wanasimama dakika mbili, wote wanashuka, kama mtu mmoja," kama mtu mmoja, amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, na bado hajaona, amesoma mpaka ng'ambo na mimi niliishia darasa la sita, nalo nililipenda nikalirudia, lakini ningeonyeshwa mistari tisa inayosimama dakika mbili pamoja kwenye ngazi ningeuliza tu, nani huyu ana goti bovu?

Wao hawakuuliza, wao walipiga hesabu, na hesabu yao ni hii, Alhamisi kulikuwa na mtihani wa anatomia, saa tatu mpaka saa sita, simu zote zinaachwa kikapuni mlangoni, na hapo hapo Alhamisi simu za wanafunzi tisa zimetembea hatua elfu kumi na moja mia nne na sita, kila moja, na mzee wetu hapa, shahidi asiyebanduka, anasema hakuna simu iliyotoka kikapuni, basi simu hizo tisa hazikuingia kikapuni kabisa, basi zilikuwa na wenyewe, basi wenyewe walikuwa nje wanatembea na waliokaa ukumbini walikuwa watu wa kukodi, wamewafanyia mtihani, na adhabu ya hiyo ni kufukuzwa, si kwa wiki, si kwa muhula, kufukuzwa moja kwa moja na jina kupelekwa vyuo vyote, eti... na mimi najiuliza, mtu akodi mtu wa kumfanyia mtihani, ajifiche asionekane, kisha achukue simu yake akazunguke maegesho ya magari asubuhi nzima juani?, mwizi gani huyo anayeiba kuku halafu anatembea naye sokoni akimpigia zumari, lakini nani ataniuliza, "wasimamizi wanasinzia," mtaalamu alisema jana mbele ya wakubwa, "simu haisinzii," na wasimamizi wawili waliokagua vitambulisho vya watu wote pale mlangoni wakanyamaza, watu wazima, wenye miwani, waliona nyuso za watoto wale mmoja mmoja, wakanyamazishwa na tableti...

Tembea Upate, ndiyo jina la hiyo programu, ililetwa mwanzo wa mwaka kwa hotuba na maputo, kila mwanafunzi aiweke kwenye simu, ukitembea unapata pointi, ukinywa maji unapata pointi, ukilala usingizi wa saa nane unapata pointi, na pointi ni chupa, fulana, kuprinti kurasa bure, na zawadi kubwa kuliko zote, mwenye pointi nyingi anachagua chumba cha bweni kwanza, mimi nilikuwepo, nilibeba maputo, na nilicheka siku ile ile, maana hawa watoto wanakalishwa darasani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, ukisimama unaulizwa unakwenda wapi, halafu ukitoka simu inakukemea, "leo umekaa sana!", na nani amemkalisha?, na uwanja wa mpira uko wapi, si ndiyo hayo maegesho ya magari ya wakubwa, mmewanyang'anya mahali pa kukimbia mkawapa kitu cha kuhesabu wasivyokimbia, hii nilitaka kuisema kwenye maputo lakini nilikuwa nimeshika maputo... nikaona mengi, mmoja alikuwa anakunywa maji kwa kidole, anabonyeza glasi, glasi, glasi, midomo imemkauka, mwingine aliifunga simu kwenye soksi akaitia mashine ya kufulia itembee, ikatembea, hatua mia tatu hivi, ikazama, Mungu airehemu...

"Treni, ndugu yangu, chai inapoa," sekretari ananiambia kwa sauti ya chini, yeye tu ndiye anayeniita jina langu la kazi humu ndani, Treni, walinipa wanafunzi, kwa sababu napita kila kituo na sicheleweshi mzigo, "weka sahihi upumzike," "nasoma kwanza," namwambia, "miwani yako iko wapi?", "nasoma kwa moyo," anacheka puani, na kweli nasoma, nasoma neno moja tu, sikubanduka, sikubanduka, mdomo huponza kichwa, alisema mama yangu, na wangu umeponza vichwa tisa, maana jana sikuulizwa hata swali kubwa, niliulizwa tu, "ulikuwa mlangoni, siyo?", ungejibu ndiyo ukatoka, lakini wakubwa walikuwa saba, na wote walikuwa wananitazama, saba!, na mimi mtu akinitazama siwezi kumpa hadithi ya nusu, nikawapa nzi, nikawapa kiti, nikawapa na jua lilivyoingia dirishani, walikuwa wananisikiliza kama redio, na mwenyekiti akasema "hili ndilo jicho la chuo", jicho la chuo, nilirudi nyumbani nimefura kama kitambaa upeponi, sikujua nimeshuhudia nini, nimejua asubuhi hii nilipoona karatasi ina majina tisa na la nne ni la mama...

Mama si mama yangu, ni mtoto wa dada yangu marehemu, amechukua jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita mama na yeye ananiita mjomba, na hapa chuoni hakuna anayejua, kwa sababu wanafunzi wote wananiita mjomba, mia nne na zaidi, "shikamoo mjomba," "marahaba," katika shikamoo zote hizo moja tu ni ya damu na inapita humo humo kama tone kwenye mvua, yeye ndiye aliyetaka hivyo, "mjomba, nataka nifaulu bila kuambiwa ni wa fulani," wa fulani!, fulani mwenyewe ni tarishi, ungedhani mjomba wake ni waziri, lakini nilifurahi, nilifurahi wiki nzima... na mama ana nyonga, tangu kuzaliwa, mguu wa kushoto anauvuta, na walimpa chumba ghorofa ya nne ya bweni, kwa nini?, kwa sababu vya chini vinachaguliwa na wenye pointi nyingi, sikiliza hiyo, sikiliza vizuri, chumba cha chini, kisicho na ngazi, ni zawadi ya mtu anayetembea sana!, mwenye miguu miwili mizima anapewa asipande, mwenye mmoja na nusu anaambiwa panda upate pointi, aliandika barua, barua hiyo niliileta mimi katika ofisi hii hii, niliiweka pale, kwenye kile kisahani cha waya, ikajibiwa na mtaalamu, kwamba mfumo ni wa haki kwa wote kwa kuwa unahesabu hatua tu wala hauangalii sura ya mtu... na hata kuhesabu haujui, nilimfuata mama siku moja kutoka maktaba mpaka bwenini, nyuma yake, nikihesabu kwa vidole na kokoto mfukoni, hatua mia sita na kumi, simu yake ikasema mia tatu na sita, mguu ule anaouvuta hauna kishindo, simu haiusikii, inamhesabia nusu mtu, binti anapanda ghorofa nne akishika ukuta na simu inamwambia "usikate tamaa, jitahidi zaidi kesho!"

Basi nikamwambia lete hiyo simu, ndivyo ilivyoanza, na sijuti, andikeni hilo, sijuti, asubuhi napokea simu kwa shikamoo, jioni nairudisha kwa marahaba, mimi mwenyewe nina ya vitufe, haihesabu kitu, inapiga tu na kukatika, kumbe miaka yote hii miguu yangu inazunguka chuo hiki bila shahidi, na siku ya kwanza, saa tano asubuhi, niko kwenye ngazi za masjala na rundo la mafaili, mfuko wa shati ukalia ngriii, nikatoa, kuna nyota na maputo ya kuchorwa, "Hongera! Umefikia hatua elfu kumi! Wewe ni shujaa wa leo!" ... nilikaa kwenye ngazi, ile ile, goti langu bovu nimelinyoosha, miaka ishirini na miwili hakuna mtu katika majengo haya manne aliyewahi kuniambia hongera kwa kutembea, wananiambia mbona umechelewa, na kitu kile, chuma na kioo, kisichonijua, kikaniita shujaa, kwa jina la mama, lakini miguu ilikuwa yangu, nililia?, sikulia, kulikuwa na vumbi, masjala ina vumbi mno...

Wenzake wakajua, mmoja, wawili, mwisho wakawa tisa, wote wenye sababu, huyu ana pumu, huyu ananyonyesha na anakimbilia kwa mtoto kila mapumziko, huyu ni mvivu tu, namjua, lakini ni mvivu mwenye adabu, hawakunilipa hata biskuti, niliwabeba kwa kupenda sifa, tuseme ukweli, mifuko minne ya shati na suruali, simu tisa, nikipita nalia kama mkokoteni wa muuza soda, na saa tano zote zinapiga hongera pamoja, mara moja zilipiga humu humu, mbele ya Mama Mlezi, akasema "mzee, una kengele?", nikasema ni tumbo...

Sasa mtaalamu ananigeukia, ananitazama tumbo, ananionea huruma, "mzee, tukimaliza hili nitakuunganisha na wewe kwenye programu, kwa umri wako unaanza taratibu, hatua elfu mbili tu kwa siku, usijilazimishe," elfu mbili!, mimi!, elfu mbili mimi nazimaliza kabla mke wake hajamwamsha, kidogo niruke kitini nimwambie elfu kumi na moja mia nne na sita, kijana, kabla ya chai, nikiwa na goti, kidogo, neno lilifika kwenye meno, na huo ungekuwa ujinga wa kuungama kwa majivuno kama nilivyoshuhudia kwa majivuno, nikalimeza, "nashukuru, mwanangu," nikasema, saa yake ya mkononi ikatetemeka, inamwambia umekaa sana, simama, na amesimama tayari, akaruka ruka pale pale mara tatu mbele ya kabati ili iridhike, mtu mzima, na wanaoambiwa wadanganyifu ni watoto wale...

Alhamisi, haya, Alhamisi, hapa hakuna anayenisikia, ilikuwa siku ya mwisho ya pointi maradufu na saa sita mchana orodha ya vyumba inafungwa, mama alibakiza pointi chache, nilijua, nilikuwa nahesabu kuliko yeye, na yeye alishasema "basi mjomba, imetosha, nitapanda tu ngazi, nimezoea," nimezoea, binti wa miaka ishirini na moja anasema nimezoea kama bibi, akaweka simu kikapuni mwenyewe, akaingia ukumbini akivuta mguu, na mimi kwenye kiti cha mlangoni na kikapu cha buluu miguuni, nimepewa kazi ya kukaa, mimi, kazi moja ya kukaa katika miaka ishirini na miwili na nikaishindwa, nusu saa nikaitazama simu yake, nikaichukua, nikaona nane nyingine zile, zimelala pale, nikasema haiwezekani kubeba mmoja ukawaacha wenzake kama mayatima, nikachukua zote, kikapu nikakisukumia chini ya meza, nikaenda, maktaba, dobi, jikoni, stoo, maegesho ya magari mara sita, masjala juu na chini, dakika mbili za goti, saa sita kasoro robo nimerudi, simu zimo kikapuni, zina joto kama mikate, hakuna aliyeniagiza, hakuna hata mmoja kati ya tisa aliyejua, njia ya mwongo fupi, husema watu, yangu ilikuwa na hatua elfu kumi na moja mia nne na sita, na sasa mwisho wake uko kwenye meza hii...

Na nitasemaje, nikisema nilitoka, kiti cha mlangoni kiliachwa wazi, kikapu kiliachwa wazi, ni kazi imekwisha, miaka ishirini na miwili imekwisha, imebaki mitatu nipumzike, mke wangu ameshachagua rangi ya mlango wa nyumba, na nikitia sahihi mimi ni jicho la chuo, mzee wetu, kaa karibu... watajitetea wenyewe, nilijiambia asubuhi, wana midomo, watanitaja mimi, watasema ni Treni, basi nitakana kidogo, nitakubali kidogo, yatatatuliwa katikati, watoto wa siku hizi hawaachi, mmoja atasema tu, jana wamehojiwa mmoja mmoja, mmoja lazima...

"Maskini watoto wale," sekretari anamwambia mtaalamu, anapuliza chai, "jana kutwa nimekaa nao humu nikiandika, wanaulizwa simu ilitembeaje, kimya, maji ya mtungi, yule anayechechemea Mama Mlezi alimwambia ukinitajia mtu mmoja tu nakuachia, mtu mmoja tu, akasema, sina wa kumtaja, mama..."

...sina wa kumtaja. Anaye. Anajua, wote tisa wanajua, nani mwingine chuoni hapa ana miguu ya namna hiyo, walipoonyeshwa michoro, dakika mbili kwenye ngazi, walijua hapo hapo ni goti la nani, na yule mvivu mwenye adabu pia, hata yule!, na asubuhi hii nimepishana naye mama kwenye korido, macho mekundu, nikafikiri ni usingizi, akainama kidogo, "shikamoo mjomba," "marahaba mama," akapita, hakusimama, hakunitazama mara mbili, asije mtu akaona, ananilinda, mimi!, mwenye mwili huu, nimelindwa na mtu ambaye simu inamhesabia nusu, na nimekaa kwenye kiti cha wageni nimeshika kalamu ya dhahabu nasoma neno moja... wapo pale chini, nawaona kupitia kwapa la Mama Mlezi dirishani, kando ya tangi la maji, tisa, mama amekaa kwenye tofali, hawatembei, hakuna anayetafuta pointi leo...

"Anasaini, mwenyekiti, anasaini," anasema Mama Mlezi, bado amenipa mgongo, feni inazunguka, mtaalamu anatazama saa yake, chai imeshajipaka utando juu, hakuna kilichosogea humu ndani, hata kalamu, lakini sasa najua itatua wapi, si kwenye nukta zao, juu zaidi, kwenye mstari wa tatu, ule wa sikubanduka, nitaukata wote kwa wino wao wenyewe kisha nitaandika pembeni kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, mkubwa, waone bila miwani, na wanifukuze, nimeingia hapa kwa miguu na kutoka najua njia, ngazi zote nazijua, ila watazihesabu hatua zile kwa jina langu, sitaki za mtu mwingine na zangu simpi mtu, na ile barua ya chumba cha chini niliyoiweka kisahanini nitaiomba isomwe kwa sauti, nikiwa nimekaa, kiti sitoki mpaka isomwe, nilikibeba mimi... nilikuwepo, naam, yote nimeyaona kwa macho yangu, ukumbi, kikapu, jua dirishani, watoto tisa wakiingia kwa miguu yao na kutoka kwa miguu yao, hata nzi alikuwepo kweli, ila jambo moja tu, lile la kwamba sikubanduka kitini, hilo nililitunga mwenyewe.